Nailoni ya Shemeji Kamugisha

Monica shoga, nimejifungia chooni nicheke!

Washenga wa kumposa Hope, binti wa shemeji Kamugisha, wanafika saa nane, na mashine ya shem ya kufyonza vumbi haivuti hata unywele. Tangu asubuhi anamlaani muuza duka: "Kaniuzia feki!"

Kaitwa fundi kutoka Mwenge. Kafungua. Katoa chujio limeviringishwa nailoni kama rimoti ya sebuleni, na mpira wa kufungia juu!

Fundi: "Mzee, nani kalifunga hivi?"

Shem, kifua mbele: "Mie, nilipoliosha jana. Lisiingie vumbi."

Lisiingie vumbi, Monica! VUMBI!

Fundi kachana nailoni, kawasha, mashine ikavuta mpaka pindo la pazia. Wote tukashangilia.

Shem peke yake kanuna: "Sasa si litachafuka?"