Sweta Haichezi Ngoma

Tata,

Shangazi yangu, nakuandikia nikiwa pale pale kibarazani, mbele ya duka la vitambaa, Karatina. Cherehani yako sasa naiendesha mimi. Bado inakata uzi mweusi kama zamani, ulipokuwa ukiitukana kwa Kigikuyu ukidhani wateja hawasikii. Leo ni Jumapili mchana, soko limetulia, na nimekukasirikia. Nianze na hilo, usije ukadhani nimeshika kalamu nikulilie tu kama shangazi mwingine yeyote.

Wale kina mama wa kikundi cha ngoma wamerudi. Wamealikwa Kerugoya kwenye harambee ya shule, na wanataka nguo mpya, zile sketi za kahawia zinazofanana na ngozi za zamani, pamoja na vizibao vya shanga. Walikuja wote kwa pamoja, kelele tupu, kila mmoja akinieleza jinsi wewe ungefanya. Mwenyekiti wao akanitazama toka juu hadi chini. "Njoki, wewe ni mtoto. Utaweza kweli?" Nikamjibu kwamba Tata hakunifundisha kuuza viazi. Wakacheka, wakajipanga.

Nikafanya kama ulivyonizoesha. Sikumpima mtu akiwa amesimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilimwambia kila mmoja avute pumzi kana kwamba anaanza kuimba, nikapima kifua hapo hapo. Ainue mikono, nikapima kutoka kwapani hadi kiunoni. Ainame atikise mabega, ndipo nikapima mgongo, maana hapo ndipo kizibao hupasuka. Na hakuna niliyempima kuanzia kichwani hadi miguuni. Unakumbuka siku niliyojaribu hivyo kwa Mama Gathoni? Aliruka nyuma akapiga kelele, "Ati unanipimia sanduku la maiti?" Ulicheka hadi ukakaa chini. Kicheko kikageuka kikohozi, nawe ukasema ni vumbi la vitambaa.

Lakini kwanza niliwaambia watoe sweta. Unawajua watu wetu na baridi hii ya mlimani. Anakuja na sweta mbili na petikoti nzito, anataka apimwe hivyo hivyo, kisha siku ya ngoma anazivua na sketi inamshukia magotini mbele ya DC. Yalitupata hayo mwanzoni, na ulitaka kujificha ndani ya pipa. Tangu hapo ukawa huna huruma hata kwa mke wa pasta. "Toa. Sweta haichezi ngoma." Basi nami nikasema hivyo hivyo. Wakatoa huku wakinung'unika, wote isipokuwa binti yako Wangeci.

"Mimi niko na baridi," akasema. Tata, jua lilikuwa kali hata mbwa wamejificha chini ya meza za soko.

Nikangoja wenzake waondoke. Nikamwingiza nyuma ya pazia, nikamvua sweta kama anavyovuliwa mtoto. Chini yake kulikuwa na nyingine. Chini ya hiyo kulikuwa na leso iliyokunjwa, ikazungushwa nyongani na kubanwa kwa pini. Nilipoifungua na kumzungushia futi kiunoni, sikuamini namba niliyoiona, nikapima tena. Huyu ndiye binti uliyekuwa ukimtania kwamba anakutia hasara ya kitambaa. Akakohoa. Kikohozi hicho nakijua.

Sasa nisikilize. Siku mimi na mama tulipokuchagulia nguo ya kuzikiwa, tulitoa lile gauni lako la kijani la Jumapili. Lilikuwa zito mno. Nikaligeuza. Ndani ulikuwa umeshonea vipande vya blanketi kuukuu, nyongani, mabegani, hata mikononi, kwa mshono wako ule mdogo mdogo ambao ningeutambua popote. Miezi yote hiyo tulikuona umenawiri. Tulikusifu, Tata! Daktari alituambia ni TB, na kwamba ina dawa, laiti tungekupeleka mapema. Mapema gani, na wewe umejishonea mwili mwingine?

Uliogopa watu waseme ni Ukimwi. Najua. Hata kanisani mtu akikonda hubaki peke yake kwenye benchi. Lakini mimi je? Mimi niliyekula nawe sahani moja? Nilikukosea nini hata unifiche?

Halafu Wangeci akanishika mkono. "Niongezee kitambaa ndani, vile mami alikuwa anafanya. Wakiniona hivi watanitoa." Kumbe alijua! Alikuwa anakushikia pini. Na mimi namwelewa, hilo ndilo linaloniumiza. Yeye ndiye huwaanzishia nyimbo, na tangu utuache sijamwona akicheka ila akiwa katikati ya ngoma.

Ningeweza kufanya alivyotaka. Kwa mikono uliyoifundisha wewe, hakuna mtu Kerugoya angegundua. Nilishika makasi, nikakumbuka gauni lako la kijani, nikakata kwa kipimo chake cha kweli.

Jana alikuja kuijaribu sketi. Akapapasa ndani akitafuta kitambaa, hakukuta kitu. Akaniita mchawi. Akasema nataka kumwaibisha mbele ya watu. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo saizi yako ya leo. Nimekuachia kitambaa cha kutosha kwenye mshono. Twende hospitali, ukinenepa nitaifungua." Alikaa kwenye kiti cha wateja akalia, nami nikalia. Kisha akavaa sweta zake zote mbili, akaondoka bila sketi na bila kuniambia ndiyo wala hapana.

Sijalala vizuri. Labda nimemvunja. Labda sasa atakwenda kwa fundi mwingine atakayemshonea blanketi bila kumuuliza swali. Najiuliza wewe ungesema nini, kisha nakumbuka ulichofanya, na hasira inarudi upya.

Kesho sifungui kazi. Nitapanda hadi nyumbani kwenu asubuhi, na mama amekubali tufuatane. Wangeci asipotaka kuandamana nasi hospitali nitakaa mlangoni pake mpaka achoke nami. Akianza dawa, nitampima kila mwezi na kumwambia namba jinsi ilivyo, iwe imepanda au imeshuka, hata kama atanichukia. Hiyo ni ahadi, Tata, na nakuahidi wewe kwa sababu wewe ndiwe uliyepaswa kuniambia namba yako.

Pumzika. Nakupenda, na bado sijakusamehe. Nitakusamehe siku Wangeci atakapokuja hapa kunilalamikia kwamba sketi inambana.

Njoki wako