Mstari Niliouruka Nikikusomea

Mama,

Shikamoo. Naitoa hivyohivyo, ingawa wa kuitikia marahaba hayupo. Nimekaa katika chumba changu cha zamani, hapa kwako Likoni, kile cha karibu na kisima. Siku hizi kinawekwa magunia ya makaa na baiskeli mbovu ya Baba. Leo ni siku ya tisa tangu wakuzike. Baba hatoki barazani. Chai inampoa mkononi; jana alisema ina sukari nyingi mno, kisha akasema haina kabisa.

Mimi niliitwa kwa simu ya shuleni, huko Machakos. Mwalimu mkuu alinijia darasani akasema, "Wamepiga watu wako wa Mombasa. Mama yako mgonjwa, njoo." Nilijua saa ileile. Nani anaijua lugha hiyo kunishinda mimi? Na bado, basi liliposimama Mariakani, nilinunua kuku. Nikavuka naye feri amefungwa miguu, nikijiambia labda safari hii ni ugonjwa kweli. Binti yako Mwanahawa alinipokea mlangoni, akamtazama yule kuku, akamtwaa mkononi mwangu. Naye alikuwemo garini siku ile, mdogo, lakini alikuwemo.

Safari ya Tanga unaijua. Ila sijapata kukusimulia yote, na leo sina wa kunikatiza.

Mpaka ulikuwa umefungwa miaka, wewe huku, dada yako Bi Mwanatumu kule Tanga. Mliachana vibaya kwenye matanga ya mama yenu, mkigombania kitanda cha marehemu. Kabla hamjapatana serikali nazo zikagombana, njia ikafungwa. Ulikuwa ukisema, "Serikali mbili zimenizuilia radhi ya dada yangu." Mpaka ulipofunguliwa ukangoja Baba apate likizo, akupeleke. Barua ikatangulia.

Mimi nilikuwa mpangaji wako tu, msichana wa bara niliyekuja kufundisha shule ya jirani, hata nazi sijui kukuna. Ulinifundisha. Siku nilipojikuna kidole ulicheka mpaka ukashika mbavu, kisha ukakifunga kwa upindo wa leso yako. Nami nilikulipa kwa kusoma. Kurani uliijua kuliko wengi mtaani, lakini herufi zetu hizi ulisema ni miguu ya kaa. Kila barua iliyoingia nyumba hii, msomaji wako alikuwa mimi.

Siku ile Baba alinisubiri kichochoroni, bahasha imeshafunguliwa. Iliandikwa kwake, ili akupashe polepole. Yeye alikwama mstari wa kwanza.

"Mwalimu," akaniambia, "humu mna kifo. Usimsomee kifo, msomee ugonjwa. Atayajua akifika, yu mikononi mwa watu."

Sikushangaa. Hata kwetu bara aliye mbali hapewi msiba njiani, huambiwa mtu wake hajiwezi. Na ningesoma hivyo tu, "Dada yako mgonjwa, njoo," nikakunja karatasi, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini mimi mwalimu, sentensi fupi hunikera. Ulikuwa uani unachambua mchele, ukainua uso, nikataka kukupa kitu kizuri. Nikasoma yasiyoandikwa: kwamba anakuulizia kila siku, kwamba chakula hakipiti, anatamani supu ya kuku kwa mkono wako. Ulisimama, mchele ukamwagika wote.

"Ameniuliza mimi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mama."

Na yaliyoandikwa kweli, mstari wa nne, maneno aliyokuachia wewe hasa, niliyaruka. Hayakusomeka bila kifo. Nilijiambia utayasikia hukohuko. Baba naye akaichana barua isije ikaonekana.

Tukaondoka kwa gari la kuazima. Baba kwenye usukani, wewe mbele na kikapu cha ndimu, asali na pilipili manga, mimi na Mwanahawa nyuma, na kuku mwekundu wa supu miguuni kwetu. Tulipopita Msambweni uligeuka.

"Mwalimu, nambia kweli. Wewe ndiwe ulosoma. Dada yangu yu mzima?"

Kuku alikuwa amenilalia mguuni, nausikia moyo wake unavyopiga. Nikasema, "Yu mzima, Mama. Mgonjwa tu."

"Basi nikimnywesha kwa mkono wangu hataninyima radhi. Mgonjwa hana kinyongo."

Mpakani ofisa akauliza kuku ni wa nini. Ukamwambia ni wa mgonjwa. "Mungu ampe afueni," akasema. Gari zima likaitika amin, na mimi Mkristo wa watu sauti yangu ilizishinda zenu.

Tanga tulikuta majamvi yametandikwa nje na sufuria kubwa mekoni. Ilikuwa hitma ya arobaini. Barua ilikuwa imekaa mwezi mzima njiani. Ulishuka na kuku mkononi. Ukayatazama majamvi, ukawatazama wanawake waliokuja kukushika, na hukumgeukia Baba. Ulinigeukia mimi.

"Mwalimu, na supu je?"

Kuku alitiwa katika sufuria ya wageni, na mimi nilimla. Ulinipakulia wewe mwenyewe.

Njiani kurudi nilijaribu. Nilianza, "Mama, mna maneno mengine katika ile barua." Ukanikata, wala si kwa ukali: "Umesoma ya kutosha, mwanangu." Ningesema nini ukaamini? Na watu wa Tanga hawakukwambia, walidhani barua imeshakwambia. Ule mstari ukabaki kwangu peke yangu.

Tangu hapo barua zako alisoma Mwanahawa, silabi kwa silabi, na mimi niliyemfundisha hizo silabi nimejifungia humu nasikiliza. Hukunigombeza hata siku moja. Uji wangu uliniletea kama kawaida. Laiti ungenitukana. Muhula ulipokwisha nikaomba uhamisho.

Kule bara nikakuandikia. Barua tano, na kila moja ina ule mstari wa nne. Hukujibu, nikasema basi, Mama amenikata. Miaka ikapita. Aibu ni kitu kivivu, Mama, hukaa pale ulipoiacha ikanenepa.

Juzi Mwanahawa alifungua sanduku lako. Barua zangu zote tano zilikuwa chini ya leso, zinanukia udi, na hakuna iliyofunguliwa. Anasema kila ilipokuja moja alitaka kukusomea, ukamkatalia. Ulimwambia, "Ziwate. Hizi za Mwalimu, atakuja kunisomea mwenyewe."

Ulikuwa unaningoja. Miaka yote hiyo, na safari yenyewe ni ya kutwa moja tu.

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyeficha kifo kwa maradhi, sijui methali yangu ni ipi.

Leo asubuhi nilikaa juu ya kitanda chako cha kamba, godoro limeshaondolewa. Nikazifungua kwa kisu, nikazisoma kwa sauti zote tano, neno kwa neno. Sikuongeza, sikuruka. Mwanahawa alisimama mlangoni mpaka mwisho, kisha mtoto wake akalia, akaenda. Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata kitu. Nilisikia jirani anatwanga, na Baba anakohoa barazani.

Radhi siombi, maana wa kuitoa amekwisha kwenda. Nakuahidi hili moja: mtu yeyote atakayeniletea karatasi nimsomee, ataisikia kama ilivyo, hata ikimwangusha chini. Na siku yangu ikifika nimewaagiza wanangu wasimwambie mtu kwamba naumwa.

Buriani, Mama. Ule mstari huu hapa, kwa mara ya sita, na sijui nauandika kwa nani:

"Mwambieni mdogo wangu Mwanakombo nimemwachia radhi yote, na kitanda cha mama ni chake."

Msomaji wako,
Mwalimu