Miaka Uliyompunguzia Bibi

Babu,

Shikamoo. Nimeiandika halafu nikakaa kidogo kabla ya kuendelea, maana sijazoea kukuamkia bila kuitikiwa. Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, Bibi anachambua mchele uani, nami nimekaa kwenye meza yako ya dirishani. Kuna jambo nilitaka ulisikie kutoka kwangu kabla mtu mwingine hajakuambia. Lakini hakuna mtu atakayekuambia. Basi nakuandikia tu.

Intaneti ya nyumbani imekatika. Haijaharibika, usiwe na wasiwasi. Kile kisanduku bado kiko juu ya kabati na Bibi anakifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, kama ulivyomwelekeza. Ila taa yake sasa ni nyekundu, na itabaki nyekundu mpaka mwezi huu uishe.

Ulipofariki hakuna aliyekumbuka kwamba intaneti ile ilikuwa kwa jina lako. Tulikuwa na mengine. Baada ya matanga simu yako ilikaa kwangu, nikawa naichaji, na kila mwezi kampuni ikatuma meseji: "Mzee wetu mpendwa, asante kwa kuwa nasi. Umepata punguzo la wazee na punguzo la mteja wa siku nyingi." Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilimsomea Bibi, akasema, "Wajibu basi, uwaambie hayupo." Sikuwajibu. Nilijua kwamba bila yale mapunguzo mawili kile kifurushi kikubwa hatukiwezi, na bila kifurushi hakuna fizikia.

Unakumbuka mwalimu wetu wa fizikia alipohamishwa nikiwa kidato cha tatu, na hakuletwa mwingine? Ulisema, "Kama shuleni hayupo, atakaa sebuleni kwetu." Ukaunganisha ile intaneti na televisheni, Rehema na Joyce wakawa wanakuja baada ya shule, tunafuata masomo ya mtandaoni watatu kwenye mkeka. Wewe ulikuwa kwenye kiti chako, umefumba macho, sisi tunadhani umelala. Siku ya somo la msuguano mwalimu wa kwenye televisheni alieleza mara mbili na hatukuelewa. Ukasema bila kufumbua macho kwamba treni ikishindwa kupanda mlima, dereva anamwaga mchanga relini, magurudumu yanashika. "Huo mchanga ndio msuguano wenu." Halafu ukaendelea kulala. Joyce alicheka mpaka akakohoa. Hilo swali likija kwenye mtihani hakuna kati yetu atakayelikosa.

Sasa nikueleze kosa langu. Nilinyamaza miezi minne. Kila meseji iliyokuita mzee mpendwa niliisoma na kuifunga. Nilijiambia kwamba sijasema uongo, nimenyamaza tu. Wewe ulinifundisha tofauti yake ni ndogo, nami nilijua ulivyonifundisha.

Mwezi wa tano ikaja meseji ya namna nyingine. Wateja wote wenye punguzo la wazee wafike ofisini Mikumi kwa uhakiki, na kitambulisho cha taifa, waweke kidole kwenye mashine. Baba mdogo Amosi akasema tusihangaike, tumpeleke yule mzee jirani anayeuza kamba, wazee wote wanafanana dirishani. Bibi hakucheka. Alimwambia kwamba kidole cha baba yake kiko makaburini, akitaka akakifukue. Baba mdogo alivaa kofia yake akaondoka.

Kwa hiyo niliamua kwenda na ukweli, ila nikaupanga vizuri. Niliandika barua ya maombi, na kichwa cha habari nikakipigia mstari kwa rula. Niliomba mambo mawili: kwamba akaunti ihamie kwa Bibi pamoja na miaka yako sita ya uteja, na kwamba Bibi apewe punguzo la wazee kwa kuwa naye ni mzee. Niliona ni rahisi. Nikaweka kwenye bahasha cheti chako cha kifo, barua ya serikali ya mtaa, na kitambulisho cha Bibi, ambacho sikukisoma. Nani anasoma kitambulisho cha bibi yake? Bibi anatembea na fimbo, Babu. Mvi zake unazijua.

Mikumi tulifika saa nne. Ofisi yao iko barabara kuu, malori yanapita mpaka vioo vinatetemeka. Dada wa dirishani alikuwa mpole. Alimwamkia Bibi kwa heshima, akampa kiti, akaisoma barua yangu yote hadi mwisho, akasema nimeandika vizuri. Kisha akasema miaka ya uteja haihami. Mteja akifariki akaunti yake inafungwa, na anayefuata anaanza siku ya kwanza. "Uaminifu haurithiwi, mdogo wangu." Nilimwambia aliyekuwa anakukumbusha kulipia ni Bibi, na aliyekuwa anauza kuku mwezi ukiwa mbaya ni Bibi. Aliitikia kwa kichwa. Akasema anaamini, lakini kwenye mfumo hakuna mahali pa kuandika hilo.

Halafu akachukua kitambulisho cha Bibi, akaangalia mashine, akamwangalia Bibi, akaangalia tena.

"Bibi ana miaka hamsini na saba," akasema. "Punguzo la wazee ni sitini. Imebaki mitatu."

Nilidhani amekosea namba. Wewe mwenyewe umefariki ukiwa na sitini na tisa. Nilianza kubishana, Babu, nilipandisha sauti kidogo, nisamehe. Bibi akanishika mkono. Akamwambia yule dada, "Hajakosea. Endelea."

Basi tukatia saini. Bibi akaweka kidole. Yule dada akabonyeza, na jina lako likatoka kwenye kioo mbele ya macho yangu, pakabaki jina la Bibi na maneno "mteja mpya". Nilitamani nimwambie arudishe hata kwa dakika moja. Sikuweza. Wenye zamu nyuma yetu walikuwa wameanza kuguna.

Tulikaa kwenye benchi la stendi kusubiri gari la Kilosa, nikamuuliza Bibi. Alinunua ndizi mbili, akanimenyea moja kama mtoto. Ndipo akaniambia yale ambayo mlinificha maisha yangu yote. Kwamba ulikuwa mdogo wake kwa miaka minne. Kwamba ulipomshusha kutoka milimani kwao na kumleta mjini, dada zako walisema kaka yao ameoa mama mkwe, na hawakuacha kusema. Kwenye misiba walisema, kwenye harusi walisema, hata nywele zako zilipoota mvi wewe mwenyewe bado walisema. Mpaka siku ya kuandikisha vitambulisho pale kata. Dada zako walikuwa kwenye foleni ileile, nyuma yenu. Ukachukua fomu kwenye mikono ya Bibi, ukaijaza, na ulipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa ukautaja kwa sauti ya stesheni, ile uliyokuwa unatangazia treni. Ulimfanya awe mdogo wako kwa miaka kumi na miwili. Karani akanakili, akagonga muhuri.

"Walinyamaza," Bibi alisema. "Tangu siku ile, mke mwenzangu, hakuna aliyerudia. Serikali ilikuwa imesema."

Nilimuuliza kwa nini mingi hivyo, si mmoja au miwili. Akasema alikuuliza hivyo hivyo usiku ule, ukamjibu kwamba kalamu ilikuwa imeshaanza kuteremka.

Babu, nilicheka, halafu nikakasirika. Kwa sababu yule dada alikuwa amenielekeza pembeni kwamba umri unasahihishwa. Cheti cha ubatizo cha Bibi kipo kanisani kwao, mapadre waliandika vizuri. Ni kwenda mahakamani kula kiapo, kisha ofisi ya vitambulisho wilayani, na Bibi angekuwa na miaka sabini na mitatu kama alivyo. Punguzo lingerudi. Nilimweleza Bibi njia nzima hatua kwa hatua. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Sitaki." Nikamwambia kuhusu mtihani. Akasema, "Najua una mtihani. Lakini babu yako alidanganya mara moja tu maishani mwake, na alidanganya kwa ajili yangu. Unataka nikaape kwamba hakusema kweli?"

Siku mbili sikuzungumza naye vizuri. Nilimpa chakula na kumwamkia, lakini si kwa moyo. Naye alijua, akaniacha.

Tulichukua kifurushi kidogo, ndicho tunachokiweza. Mwezi huu kiliisha siku ya kumi na moja, katikati ya somo la umeme, mwalimu amenyoosha mkono kuelekea ubaoni na hakuushusha tena. Tulikaa tukimtazama, tukidhani atarudi. Joyce ameacha kuja. Anasema afadhali akae nyumbani asaidie kupukuchua mahindi kuliko kukaa mbele ya televisheni iliyoganda. Rehema bado anakuja. Mwezi ujao tumepanga kutazama masomo mfululizo zile siku za mwanzo, mmoja asikilize, mwingine aandike, kisha siku zinazobaki tusome daftari. Sijui kama itatosha. Mtihani uko karibu na mada nne hatujazigusa. Nakuambia kama ilivyo.

Jana jioni dada yako mkubwa alikuja kutusalimia. Alimtazama Bibi akisimama kwa fimbo, akasema kwa utani kwamba huyu mtoto aliyeolewa na kaka amechoka mapema. Bibi akajibu, "Mjini kunachosha." Akatabasamu, Babu. Tangu tulipokuzika sikuwa nimeliona lile tabasamu, na mimi nilikuwa nimebeba barua ya kumwombea aape mahakamani kwenye mfuko wa sketi yangu. Nilikuwa nimeiandika tayari. Niliitia motoni, tukachemshia chai.

Bibi ananiita nikawashe moto, naomba niishie hapo. Pumzika Babu, kaburi lako tunalipalilia, na msalaba umepakwa rangi. Nakuahidi fizikia nitaifanya, vyovyote itakavyokuwa. Na nakuahidi hili: ikipita miaka mitatu nitamvalisha Bibi kitenge chake cha Pasaka, nitampeleka Mikumi, nitasimama naye dirishani mpaka awe mzee hata kwenye mfumo wao. Kabla ya siku hiyo, atakayeniuliza umri wake nitamjibu ulioutaja wewe.

Mjukuu wako,
Debora