Kikohozi cha Begi

Jumatano, mwezi wa nne, 2006. Bigwa. Ukungu umeufunika mlima tangu asubuhi, mvua inanyesha na kuacha, na mimi nina furaha ninayoionea aibu.

Naungama mapema, maana daktari ameshaacha kunipa tarehe ya kurudi kliniki.

Miguu yangu haifanyi kazi tangu mwaka juzi. Mwanangu Mwajuma ndiye ananigeuza, ananiogesha, ananilisha. Halipwi na mtu. Siku hizi madukani kuna kila kitu, hata maji ya kunywa yanauzwa kwenye chupa, lakini sijaona duka linalouza mtu wa kukugeuza kitandani.

Ndiyo maana watu wanaouguza hapa mtaani wameunda kikundi. Hupeana zamu: mmoja akichoka au akipata safari, mwingine huja kukaa na mgonjwa wake. Mpango mzuri sana. Niliusifu mbele ya mjumbe, kisha nikauhujumu.

Mwajuma alitaka kwenda Kisaki, wiki moja tu. Binti yake amejifungua mtoto wa kwanza na hana mtu wa kumkanda. Lakini kila alipotoa begi kabatini, mimi nilishikwa na kifua. Nilikohoa mpaka mama wa zamu akaogopa kubaki nami. Begi likirudi kabatini, kifua kinatulia.

Sikuwa naogopa kufa. Nilikuwa naogopa kufa yeye hayupo.

Leo kikundi kimemleta Mzee Maganga. Alimuuguza mkewe mpaka mwisho, na baada ya mazishi hakutoka kwenye kikundi. Ni Mnyamwezi, aliyekuja huku ujanani kukata katani. Mimi ni Mluguru. Kwa hiyo ni mtani wangu, anaweza kuniambia lolote na siruhusiwi kununa.

Mwajuma aliposhika begi, nikaanza. Maganga akavuta kigoda, akanisikiliza kwa makini kama anayesikiliza taarifa ya habari.

"Mluguru, kama unakufa, kufa mapema. Ubwabwa wa msiba naupenda ungali moto."

Kisha akamgeukia Mwajuma, na sasa hakuwa anatania. "Nenda, mwanangu. Kikohozi cha kufa nakijua, nimelala nacho chumba kimoja. Hiki ni kikohozi cha begi."

Nilikusudia kukasirika. Nikacheka. Nilicheka kwa pumzi ndefu, safi, ya mtu mwenye mapafu mazima, na ushahidi ukakamilika.

Mwajuma alinitazama bila kushangaa. Alikuwa anajua siku zote.

Hilo ndilo lililoniuma.

"Nenda, mama," nikamwambia. "Nilikuwa naigiza."

Akaniwekea mto vizuri, akatoka na begi lake. Nikamsikia huko nje anacheka peke yake kwenye mvua.

Sasa ni jioni. Uji wa Maganga umeungua, na ananigeuza kama robota la katani. Najiuliza kama nitakuwepo Mwajuma akirudi. Maganga anasema ni lazima niwepo, kwani zamu aliyopewa haina kuchimba kaburi ndani yake.

Nimekohoa sasa hivi, kikohozi cha kweli kabisa. Hajageuza hata shingo. Amesema tu kwamba begi limeshafika Kisaki.

Lakini kikombe cha maji alikuwa ameshakishika.