Digrii 135 Nilizozikata kwa Wino Mwekundu

Jumapili, alasiri. Mvua imekatika, njia za mtaa wetu wa Rwambuzi ni matope, na mimi sina raha tangu Alhamisi.

Nafundisha hesabu mwaka wa sita wa sekondari. Niliwapa wanafunzi swali fupi: namba changamano −1 + i iko kwenye pembe gani? Ichore. Kutoka katikati unakwenda hatua moja kushoto, kisha moja juu. Ukipima kuanzia mstari wa kulia, unapata digrii 135.

Sasa iulize kalkuleta ya kawaida. Unagawanya 1 kwa −1, unabonyeza kitufe cha tanjiti kinyume, inajibu −45. Hapo ni chini, upande wa kulia, mahali pa 1 − i. Mashine haijaharibika. Ukishagawanya, inapokea −1 tu. Haijui tena ile alama ya kutoa ilikuwa ya namba ipi. Zipo mashine zinazopokea namba nzima na kujibu sawa. Yangu haiwezi, wala za wanafunzi wangu.

Haya nimeyafundisha miaka mingi.

Na bado nilisahihisha kwa kalkuleta.

Karatasi zilikuwa nyingi. Nilitafuta jibu mara moja kwa mashine, nikalitumia kwa wote. Karibu darasa zima liliandika −45. Furaha peke yake aliandika 135, na mchoro safi wa rula. Nikalikata jibu lake kwa wino mwekundu. Furaha hana kalkuleta. Vitu vyao vilibaki kijijini Bule walipokimbia vita, na sasa wanaishi kwa shangazi yake, mtaa wa Saio.

Alhamisi nilipogawa karatasi, alisimama. "Madame, hii point iko ku kushoto. Quarante-cinq, hii arobaini na tano, inatoka wapi?"

Mvulana wa nyuma akadakia: "Weye unashinda mashini? Calculatrice ya Bule hiyo, inatembea na makala!"

Darasa likaangua kicheko kwa hiyo kalkuleta ya kuendeshwa kwa mkaa. Nami nikasema, "Furaha, ikala." Akaketi.

Jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu ni hili: niliutazama mchoro wake kabla kicheko hakijaisha, nikajua kwamba yuko sahihi. Nikaona aibu, mtu mzima na mvi zangu. Nikageuka, nikafuta ubao.

Leo baada ya ibada mama yake Furaha alinisimamisha. Alitaka kunishukuru kwa uvumilivu wangu. Binti ameomba kuhamia ushonaji.

"Anasema hesabu haiko ya siye watu wa Bule, Madame."

Nilifuatana naye hadi Saio. Furaha alikuwa anaosha sahani. Nikamwambia mbele ya mama yake: jibu lako lilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea, na nilijua. Nisamehe.

Alikausha mikono polepole.

"Nimekusamehe, Madame. Lakini walinicheka mu classe. Hapa hakuna mutu alinicheka."

Ana haki. Kesho, saa ya kwanza, nitasimama mbele ya darasa lilelile. Akitaka ushonaji baada ya hapo, uwe uchaguzi wake.

Kusema nilikosea si kazi. Kila mwalimu hukosea. Kusema nilijua nikanyamaza, hapo ndipo ninapokwama. Nimejaribu mara mbili, peke yangu chumbani.

Mara zote mbili nimeishia kuilaumu kalkuleta.