Plaki Mia Tatu za Papa Barthélemy

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Plaki za redio zimefika, vile vibao vya mistari ya shaba. Karto moja tu, nzito, imezungushiwa gundi pande zote. China mpaka Dar, Dar mpaka Kigoma, halafu wiki mbili kungoja boti ya kuvuka ziwa mpaka huku Kalemie. Nimeenda bandarini saa mbili asubuhi, nimerudi saa nane na njaa.

Sikuifungulia atelye, karakana yangu. Nimeipeleka moja kwa moja kwa Papa Barthélemy, maana kitu ni chake. Mama Julienne, muke wake, amekata gundi na kisu cha jikoni. Papa akatoa plaki moja, akainusa. Akasema, hii njo harufu ya kitu kipya. Halafu akapitisha kidole gumba juu ya mistari, polepole, kama muntu anayesoma barua.

Haoni tena. Sukari imemula macho. Jicho la pili limefunga mwezi wa tano. Miaka thelathini na moja alitengeneza signali za reli. Mimi alinifundisha kushika chuma cha kuchomelea nikiwa na miaka kumi na tano, wakati hakuna aliyetaka musichana kwenye atelye. Na redio hii aliichora yeye. Mwanafunzi anapewa pakiti – plaki, vipande, karatasi ya maelezo – anaijenga mwenyewe mpaka inaongea. Binti yake Keren, anayeishi Liège, aliweka wazo kwenye mutandao, na watu 240 wakatoa muchango mbele hata ya kuona kitu. Tumewaahidi mwisho wa Novemba.

Pembeni ya kila plaki, herufi nyeupe ndogo: BARTHÉLEMY – KALEMIE. Nimemusomea. Akasema nisome tena.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimejenga ya kwanza. Kimya. Hata ule mulio wa hewa, hakuna. Betri ni nzuri. Nimebadilisha spika. Nimebadilisha transista, mara mbili. Kimya. Yasmine, mudogo wangu, amesema pengine nimechoka tu.

Pengine.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeona. Sikutaka kuona.

Transista ina miguu mitatu. Kwenye plaki, mistari ya miguu miwili imepishana: wa kushoto umekwenda katikati, wa katikati umekwenda kushoto. Nikachukua plaki nyingine. Vilevile. Nyingine. Zote mia tatu ni moja.

Nikatoa muchoro wa Papa, ule wa mwisho, wa mwezi wa nne, aliouchora pua imegusa karatasi na lupu, kioo cha kukuza, mukononi. Kosa liko pale, kwa kalamu yake. Mimi niliuingiza kwenye ordinateri, kompyuta ya atelye, mustari kwa mustari, nikautuma kiwandani.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Siku ile niliona kitu pale kwenye transista. Nilisimama kidogo. Halafu nikajisemea, muntu huyu njo aliyenifundisha. Kumuuliza ilikuwa kama kumwambia, Papa, umekuwa kipofu. Nikanyamaza. Nikatuma.

Ijumaa, 10 Oktoba
Keren kwenye simu. Nimemweleza yote, isipokuwa ile ya kusimama kidogo. Aliuliza mara mbili kama ni zote. Halafu akasema waliotoa muchango lazima waambiwe, ni haki yao. Lakini Papa asijue. Macho yamekwenda, kazi imekwenda, redio hii njo kitu kimoja kilichobaki kwake. Nikasema sawa. Nilisema upesi sana.

Kuna dawa ya kosa: kukata mistari miwili kwa wembe, kuunganisha waya mbili fupi kwa nyuma. Nimefanya kwa moja. Ikaongea. Mwanamuke anatangaza bei ya unga. Miezi yote hii nilingoja sauti ya kwanza, na imekuja, na sikusikia furaha.

Baada ya swala ya mchana nimempelekea Papa, imefungwa ndani ya boksi. Akaiweka kwenye sikio. Akapunguza sauti, akapandisha, akapunguza. Mama Julienne akaacha sufuria, akaja kukaa karibu yake. Papa akasema:

– Nilikuwa na woga, Misi. Muchoro ule wa mwisho niliufanya karibu gizani. Nikasema, bah, huyu mutoto ana macho, kama kuna kosa ataliona.

Nikamujibu:

– Hakukuwa na kosa, Papa.

Jumapili, 19 Oktoba
Plaki 112. Yasmine anakata, mimi nachomelea. Vidole vyake vina alama za wembe na hajalalamika hata siku moja. Tangu juzi mvua, umeme unakwenda na kurudi, chuma kinapoa risasi ya kuchomelea ikiwa katikati.

Keren amewaandikia watu. Amesema kwamba kosa limetoka atelye. Atelye ni mimi, na ni haki. Wengi wamejibu vizuri, wanasema watangoja. Wengine wanataka walichotoa kirudishwe. Mumoja ameandika kwamba alijua tangu mwanzo, vitu vinavyotoka kwetu ndivyo vilivyo. Nimeisoma hiyo mara nyingi kuliko zile nzuri.

Halafu ujumbe kwenye simu, wa mwalimu wa Kongolo, Papa Symphorien. Aliomba pakiti thelathini kwa darasa lake. Anasema: zangu musizikate, leteni hivyo hivyo, wanafunzi watafute wenyewe redio inakataa wapi. Na anauliza kama Papa Barthélemy anaweza kuongea nao kwenye simu siku ya kujenga, awaeleze alivyochora.

Nimelia juu ya simu. Yasmine aliendelea kukata.

Jumanne, 28 Oktoba
Papa yuko hospitali. Kidonda kwenye kidole cha muguu, tangu wiki tatu. Alikuwa amevaa soksi mbili, Mama Julienne asisikie harufu. Alimwambia ni baridi. Baridi, Kalemie.

Daktari amesema watakata muguu, chini ya goti. Alhamisi.

Mama Julienne alinishika mukono kwenye koridoo akaniuliza, wewe unayekuja kila siku, hukuona? Hakuuliza kwa ubaya. Lakini nami nilikuja na mambo yangu ya kuficha. Tulikaa pale chumbani, Papa na soksi zake, mimi na plaki zangu, tukaongea habari za antena.

Jumamosi, 1 Novemba
Wamekata. Ameamka. Ameuliza saa ngapi, halafu kama pakiti zimeanza kwenda.

Jumatatu, 10 Novemba
Zimekwisha. Plaki 270 na waya zao mbili nyuma, na thelathini za Kongolo hazijaguswa. Yasmine amepanga vipande kwenye pakiti, amehesabu mara mbili. Ijumaa karto ya kwanza inapanda treni. Ningepaswa kuwa na furaha. Nimekaa mbele ya karto na mikono juu ya magoti.

Leo hospitali Papa alikuwa na nguvu kidogo, alikunywa uji wote. Akasema anataka pakiti moja. Ataijenga yeye mwenyewe, kwa vidole, kama mwanafunzi yeyote. Yeye apange vipande, mimi nichomelee. Nikasema angoje apone. Akasema:

– Misi, kungoja nimengoja. Lete Jumatano.

Nikimupa iliyokatwa, vidole vyake vitapita nyuma na kukuta waya. Nikimupa isiyokatwa, atapanga kila kitu sawa, na redio itakaa kimya, na atafikiri mikono nayo imekufa.

Nimemupigia Keren. Amesema, muambie chumba hakina umeme. Nimekata simu bila kumuaga. Sijawahi kumufanyia hivyo.

Jumatano, 12 Novemba
Niko hospitali, kwenye baraza ya nyuma ya chumba cha Papa. Naandika juu ya mufuko.

Nimeleta iliyokatwa. Mukono haukuweza kuchukua ile nyingine.

Mama Julienne alimuegemeza kwenye muto, akaweka sinia juu ya mapaja yake. Papa akapanga. Rezistansi ya kwanza, ya pili. Vidole vyake havikukosea hata mara moja. Alikuwa akiniuliza rangi, mimi namwambia. Aliongea habari za signali ya kilomita fulani huko njia ya Kabalo, nyoka alikuwa amelala ndani ya boksi. Mama Julienne alicheka, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Nikaanza kufikiri pengine itapita.

Alipofika kwenye transista akageuza plaki kusikia matundu. Kidole gumba kikapita. Kikarudi. Kikasimama.

– Hizi waya ni za nini?

Akapitisha ukucha kando ya waya.

– Misi. Mustari huu umekatwa. Na huu.

Nikasema ni kosa langu, Papa. Nilikosea kwenye ordinateri, nilipishanisha. Nilisema vizuri, maana nilikuwa nimejizoeza njiani. Nikasema nisamehe.

Hakukasirika. Alishika plaki na mikono miwili. Akauliza ngapi. Nikasema zote. Akauliza kama ni sisi wawili tu, mimi na Yasmine, tuliozikata zote. Nikasema ndiyo. Midomo yake ikaenda-enda, kama anahesabu.

Halafu akauliza muchoro uko wapi.

Ningesema uko nyumbani. Lakini tangu siku ile natembea nao kwenye mufuko, Yasmine asiuone, na nilikuwa nimekwisha kuweka mukono pale. Alisikia karatasi.

– Unisomee, akasema. Kuanzia betri. Mustari kwa mustari, kama ulivyoandikwa.

Mama Julienne aliniangalia. Sijui Keren amemwambia nini, lakini aliniangalia kama muntu anayeomba kitu. Ndipo muuguzi akaingia na kiti cha magurudumu, ni saa ya kubadilisha bandeji. Papa akasema sawa, anakwenda, mimi nimungoje hapa hapa nisiondoke.

Muchoro umefunguliwa kwenye magoti. Mistari inatetemeka kidogo, mahali pengine amepitisha kalamu mara mbili. Kuanzia betri mpaka transista ni mistari tisa. Minane naweza kusoma; wa tisa njo pale kosa linaanza.

Gurudumu moja la kile kiti linalia. Nalisikia linatoka kwenye chumba cha bandeji, linakuja kupitia koridoo. Anamuuliza muuguzi kama bado nipo.