Baba Wawili wa Riziki

Jumanne, Madale

Neno "baba" limenichosha leo.

Riziki, mkimbizi kutoka Kongo, alisema baba yake aliuawa kabla yeye hajakimbia. Baadaye akasema baba ndiye aliyemvusha ziwa. Mie mkalimani nikatafsiri neno kwa neno. Afisa wa wakimbizi, mgeni asiyejua Kiswahili, akaandika kwamba maelezo yanapingana. Hilo lingetosha kumnyima hifadhi.

Sikuajiriwa kueleza, lakini nilishindwa kunyamaza. Nikaomba ruhusa, nikamuuliza, "Dada, aliyekuvusha ni baba yupi?"

"Baba mdogo, mdogo wake marehemu. Kwani huyo si baba?"

Nikamfafanulia afisa. Akafuta alichoandika. "Mwambie anisamehe."

Riziki alilia. Mie naogopa. Ni wangapi niliowatafsiria neno kwa neno, wakarudishwa walikokimbia?